Bonde la Vézère na Pango la Lascaux

Watu wengi wakisikia habari za Ufaransa hufikiri juu ya mji wa Paris tu, na majumba yake makubwa. Lakini Ufaransa si mji mmoja. Iko pia Ufaransa ya mashamba, yenye mito na misitu na vijiji vidogo vya nyumba za mawe, na huko yamo mambo ya ajabu yanayowavuta wasafiri wengi kila mwaka. Katika somo hili tutazuru bonde moja la mashamba lililo upande wa kusini-magharibi wa nchi ile, nalo ni bonde la mto Vézère.

Mto huu si mkubwa. Hupita katika nchi ya vilima, ukipinda huku na huku, mpaka huingia katika mto mwingine uitwao Dordogne. Wako wenyeji wa huko walio wakulima. Hupanda mahindi na miti ya jozi, tena hufuga bata wa kawaida na bata bukini. Kando ya mto yamesimama majabali marefu ya mawe ya chokaa, na mawe hayo yana tabia moja ambayo yatupasa kuifahamu, maana ndiyo asili ya habari zetu zote. Tabia hiyo ni hii: maji huyala.

Mvua inyeshapo, maji yake hupita hewani na udongoni, na humo huchukua hewa ya kaboni, ambayo ni hewa ile ile tuitoayo puani tunapopumua. Maji yaliyochanganyika na hewa hiyo huwa makali kidogo. Hayawezi kumdhuru mtu, lakini yakipenya katika nyufa za mawe ya chokaa huyayeyusha polepole, kama sukari iyeyukavyo katika chai, ila kazi hiyo huchukua maelfu na maelfu ya miaka. Hivyo ndivyo yalivyofanyika mapango mengi katika nchi ile.

Ukitaka kuona nguvu ya maji hayo, nenda Padirac, katika jimbo la jirani liitwalo Lot. Hapo pana shimo la duara lenye upana wa mita 35 na kina cha mita 75. Zamani wenyeji waliliogopa, wakasimulia kwamba Shetani ndiye aliyelifungua. Mwaka 1889 bwana mmoja, jina lake Édouard-Alfred Martel, alishuka ndani kwa ngazi za kamba pamoja na wenziwe, akakuta mto upitao gizani chini ya ardhi. Siku hizi wageni hushuka kwa ngazi au kwa lifti, kisha hupanda mashua na kupelekwa juu ya mto ule. Hakuna Shetani, ni maji na mawe na wakati.

Turudi sasa katika bonde la Vézère. Mapango yake yaliwafaa watu tangu kale, kwa kuwa yaliwakinga na mvua na baridi. Liko jabali moja liitwalo La Roque Saint-Christophe, lenye urefu wa kilometa moja hivi, nalo lina madaraja makubwa kama roshani. Humo watu walikaa zamani sana, na hata baadaye walijenga kijiji na ngome yao juu ya madaraja hayo. Mgeni apitaye leo huona matundu yaliyochongwa mwambani kwa kutilia boriti za nyumba. Na karibu na kijiji cha Les Eyzies, mwaka 1868, wafanya kazi waliokuwa wakichimba mahali paitwapo Cro-Magnon walikuta mifupa ya watu wa kale sana. Tangu siku hiyo jina la mahali pale pakavu padogo limeandikwa katika vitabu vya dunia nzima.

Lakini sifa kuu ya bonde hili ni pango la Lascaux, karibu na mji mdogo wa Montignac. Pango hili halikufumbuliwa na mtaalamu yeyote, bali na vijana. Mwaka 1940, wakati wa vita kuu, kijana mmoja fundi, Marcel Ravidat, aliona tundu msituni. Siku ya tarehe 12 Septemba alirudi na wenziwe watatu, Jacques Marsal, Georges Agniel na Simon Coencas. Walilipanua tundu, wakateremka mmoja mmoja, wakiwa na taa hafifu. Walipoinua taa yao wakaona kwamba kuta zimejaa wanyama: farasi, mafahali wa mwitu, paa wenye pembe za matawi, wote wakionekana kana kwamba wanakimbia.

Vijana walimpasha habari mwalimu wao wa zamani, Léon Laval. Kwanza mzee huyo hakuamini, lakini alipoingia na kuona kwa macho yake, aliwaonya wasiruhusu mtu kuzigusa picha zile. Walimsikia. Marsal na Ravidat walipiga hema mbele ya mlango wakalinda pango. Kabla mwezi ule haujaisha akaja padre Henri Breuil, mtu aliyejua sana habari za michoro ya kale, akathibitisha kwamba ni kazi ya watu wa zamani mno. Wataalamu wanakadiria kuwa umri wake ni miaka 17,000 au zaidi.

Je, watu wale walichoraje gizani? Walitumia taa za mawe, zilizochimbwa kama vijiko, wakatia mafuta ya wanyama na kuwasha utambi. Taa moja nzuri ya namna hiyo ilipatikana mle mle pangoni. Rangi nyekundu na ya manjano waliipata katika udongo wenye chuma, na nyeusi katika jiwe liitwalo manganizi. Mahali pengine walijenga majukwaa ya miti ili wafikie juu. Fahali mkubwa kuliko wote ana urefu wa zaidi ya mita 5. Aliyemchora hakuwa mtu mjinga. Alikuwa na mkono thabiti, na jicho lililomjua mnyama vema.

Sasa sikilizeni jambo la huzuni. Mwaka 1948, vita vilipokwisha, pango lilifunguliwa kwa watu wote. Wageni wakaja kwa furaha, wakazidi mwaka hata mwaka, mpaka ikawa watu kama 1,200 huingia kwa siku moja. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwa nia mbaya. Walakini kila mmoja alipumua. Kumbukeni tuliyosema juu ya maji na hewa ya kaboni: pumzi ya mtu ina hewa hiyo, tena ina unyevu na joto. Unyevu ule uliganda kutani ukawa matone, na matone yenye hewa ya kaboni yakaanza kulila jiwe lililobeba picha. Viatu vya wageni vilileta mbegu za vimea vidogo sana, na taa za umeme zikavipa mwanga wa kuotea. Basi mabaka ya kijani yakatokea ukutani, na mahali pengine utando mweupe wa chokaa. Picha zilizodumu gizani miaka maelfu zilianza kuharibika katika muda usiozidi miaka 15.

Serikali ya Ufaransa ilikuwa na shauri gumu. Watu wa Montignac walipata riziki kwa wageni hao. Tena, kitu kizuri kikifungiwa kina faida gani? Lakini kikiharibika kimepotea kwa wote, hata kwa watoto watakaozaliwa baadaye. Mwaka 1963 waziri André Malraux aliamuru pango lifungwe, nalo limefungwa kwa wageni hata leo. Na hata baada ya kufungwa halikupona mara moja: mwaka 2001 kuvu nyeupe ilienea ndani, na baadaye yakaonekana madoa meusi. Wataalamu wachache tu ndio wanaoruhusiwa kuingia, kwa muda mfupi, ili kulipima kama mganga ampimavyo mgonjwa.

Je, mgeni aendaye Montignac leo hurudi mikono mitupu? La. Wafaransa walifanya mfano wa pango. Wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1983, karibu na pango lenyewe. Na mwaka 2016 ukafunguliwa mwingine mkubwa zaidi chini ya kilima. Mafundi walipima kila kibonyeo cha mwamba, wakachora tena kila mnyama kwa rangi za namna ile ile. Wako wasemao kuwa mfano si kitu chenyewe, na wasema kweli. Lakini katika mfano huo watu elfu wapumue, na fahali wa kale aliye gizani kilimani asidhurike.

Msidhani kuwa habari hizi ni za Wafaransa tu. Nchini Tanzania, katika wilaya ya Kondoa, iko michoro ya kale mwambani, nayo, kama ile ya bonde la Vézère, imeandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mtoto aandikaye jina lake kwa mkaa juu ya mchoro hufanya kwa dakika moja madhara yasiyoweza kuondolewa. Na wageni wa Lascaux wanatufundisha zaidi ya hayo: hata mtu asiyegusa kitu aweza kudhuru, wakizidi wenziwe. Basi ukienda kutazama mambo ya kale, usiulize tu, "Nitaona nini?" Uliza pia, "Baada yangu, yule ajaye atakuta nini?"

MASWALI

1. Eleza jinsi mapango yanavyofanyika katika mawe ya chokaa.
2. Mwalimu Laval aliwaonya nini vijana, na kwa sababu gani?
3. Taja mambo matatu yaliyoletwa na wageni yakaliharibu pango la Lascaux.
4. Ungekuwa wewe mwenye duka katika mji wa Montignac mwaka 1963, ungesema nini juu ya amri ya kufunga pango? Na ungekuwa mlinzi wa pango?
5. Je, karibu na kwenu pana mahali pa kale? Andika jinsi panavyotunzwa.