UCHAGUZI WA MICHE YA MBOGA KWA BUSTANI ZA KIPUPWE

Katika nyanda za chini za Pwani, Tanga na Morogoro, majira bora ya bustani ya mboga huanza pale mvua za masika zinapopungua. Kipupwe cha Juni hadi Agosti huleta nafuu ya joto, na hapo ndipo nyanya, kabichi na vitunguu vinapostawi. Chama cha msingi kinachoagiza miche kwa pamoja na kuigawa kwa wanachama kwa mkopo huwa kimebeba dhamana kubwa. Mche hufa, lakini deni la mche halifi. Kwa hiyo yafaa kila Katibu na kila mwanachama ajue mche upi wa kupokea na upi wa kukataa, kabla haujaingia shambani.

Majira kwanza

Jambo la kwanza la kuangalia ni kalenda. Mnyanya huchanua hata wakati wa joto, lakini joto la usiku likizidi nyuzi 24 hivi za Selsiasi, chavua hudhoofika na maua hupukutika bila kushika matunda. Katika Dar es Salaam, joto la usiku hukaribia nyuzi 25 mwezi Februari, na hushuka hadi karibu nyuzi 19 mwezi Julai. Kabichi nayo huhitaji ubaridi ili ifunge. Katika joto kali hubaki na majani yaliyo wazi, au hutoa vichwa vidogo vilivyolegea.

Kwa sababu hiyo, miche hii yapasa kuwa shambani mwanzoni mwa Juni. Nyanya hukaa kitaluni wiki nne hivi, kabichi wiki nne hadi tano, na vitunguu wiki sita hadi nane. Katibu hana budi kuhesabu akirudi nyuma: mbegu za vitunguu zisiwe Aprili, na za nyanya na kabichi mwanzoni mwa Mei, chini ya paa la kukinga mvua nzito. Mche unaofika mwishoni mwa Agosti, hata ukiwa mzuri kiasi gani, utachanua joto likiwa limekwisha kurudi.

Aina ya mbegu

Jambo la pili ni aina. Macho hayawezi kutambua aina kwa kuutazama mche, yahitajika maandishi. Muuza miche aonyeshe pakiti ya mbegu aliyoitumia, yenye lebo ya Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu Tanzania, yaani TOSCI, pamoja na jina la aina na namba ya fungu la mbegu.

Umuhimu wa jambo hili huonekana zaidi katika vitunguu. Kitunguu huanza kujaza chini kwa kufuata urefu wa mchana. Zipo aina za nchi za baridi ambazo hungoja mchana wa saa 14 au zaidi. Tanga iko karibu na Ikweta, na mchana wake hauondoki mbali na saa 12 mwaka mzima. Aina hizo zikipandwa hapa hutoa majani mazuri ya kijani, lakini vitunguu havijazi kamwe, hata mkulima akitia mbolea namna gani. Zinazofaa ni aina za mchana mfupi, kama vile Red Creole na Mang'ola Nyekundu.

Kwa upande wa nyanya, ipo aina ya Tengeru 97, iliyotolewa nchini mwaka 1997, ambayo huhimili mnyauko wa fusari na minyoo fundo. Hata hivyo, uhimilivu wa nyanya dhidi ya minyoo hiyo kwa kawaida hudhoofika udongo unapozidi nyuzi 28 za joto. Hivyo aina nzuri haiondoi haja ya kukagua mizizi.

Si kila mboga inastahili kununuliwa ikiwa mche. Karoti ikihamishwa huota mzizi wenye matawi. Bamia na maharage hayapendi kusumbuliwa mizizi, na mchicha hupandwa kwa mbegu moja kwa moja bila hasara. Fedha ya chama isitumike kununua miche ya mazao hayo.

Umbile la mche

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Katika kundi la miche, mkono huvutwa na ule mrefu kuliko wenzake, na hasa wenye maua. Kumbe mche huo ndio wa kuachwa. Urefu wa kupita kiasi ni dalili ya kusongamana na kukosa mwanga. Maua kitaluni ni dalili kwamba mche umekaa mno na mizizi yake imebanwa. Ukipandwa, hutoa tunda moja au mawili mapema, kisha hudumaa.

Mche unaofaa wa nyanya, pilipili hoho au biringanya ni mfupi na mnene, wa sentimita 15 hivi, wenye majani halisi manne hadi sita, shina imara na rangi ya kijani iliyokolea kiasi. Wa kabichi uwe na majani manne hadi sita na kitovu cha ukuaji kilicho kizima. Kitovu kikiliwa na wadudu, kabichi haifungi. Wa kitunguu uwe na unene wa penseli au pungufu kidogo.

Ikilazimu kutumia miche ya nyanya iliyorefuka, izikwe shina hadi karibu na majani ya juu, kwa kuwa shina la nyanya huotesha mizizi. Njia hii isitumiwe kwa mazao yote bila kufikiri.

Mche pia uwe umezoeshwa jua. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamishwa, kivuli cha kitaluni hupunguzwa na maji hupunguzwa. Mche uliotoka moja kwa moja kivulini huungua siku ya kwanza.

Dalili za magonjwa

Katika kila fungu la miche, itolewe miche 20 kutoka pembe mbalimbali, si ile ya juu tu. Ikaguliwe hivi:

1. Mizizi. Itikiswe udongo utoke. Mizizi mizuri ni myeupe na mingi. Ikiwa na vinundu, hiyo ni minyoo fundo.

2. Shina karibu na udongo. Likiwa jembamba, jeusi au limelainika, huo ni ugonjwa wa kinyausi.

3. Upande wa chini wa majani. Huko hukaa vidukari na nzi weupe. Nzi weupe hueneza virusi vya kukunja majani ya nyanya, na mche ulioambukizwa hauponi.

4. Ndani ya jani. Mabaka meupe yenye kiwavi mdogo ni dalili ya kantangaze, mdudu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014.

Endapo shina limenyauka ilhali udongo una unyevu, likatwe na kuning'inizwa katika glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka baada ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria.

Vinundu au mnyauko bakteria ukionekana hata katika mche mmoja, fungu lote likataliwe, kwa maana udongo wake ni mmoja. Ekari moja ya nyanya, kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, huchukua karibu miche 10,800. Mmoja tu katika kila kumi ukiwa na minyoo, shamba limepandwa maradhi katika mahali zaidi ya elfu moja. Miche hiyo ikishang'olewa, maradhi hubaki udongoni kwa msimu unaofuata.

Wajibu wa chama

Makubaliano na mwenye kitalu yaandikwe kabla ya mbegu kusiwa: aina, tarehe ya kusia, tarehe ya kuleta, idadi, na haki ya chama kukataa fungu lenye kasoro. Siku ya kupokea, Katibu awepo pamoja na mjumbe mmoja wa bodi na mkulima mmoja mzoefu, na bwana shamba au bibi shamba aalikwe. Yaliyoonekana yaandikwe katika hati ya kupokelea mali kabla ya sahihi kutiwa. Pakiti tupu za mbegu zitunzwe ofisini hadi mavuno. Mgao ufanyike jioni, ili mwanachama apande siku hiyo hiyo jua likiwa limepoa.

Kukataa miche mbele ya gari ni jambo zito, hasa wanachama wakiwa wamekwisha kusanyika na vikapu vyao. Lakini saa hiyo ndiyo ya mwisho ambayo hasara bado ni ya muuzaji. Baada ya sahihi huwa ya chama, na baada ya mgao huwa ya mwanachama. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na miche nayo ni mali.