Viti viwili, na majina yaliisha kuandikwa

Sisi watu wa sendika mu migodi tunaujua mutego huu: mukubwa anakubali delege wawili, lakini anawachagua yeye mwenyewe. Watu weusi wa Mississippi, kule Marekani, walitegewa vile mu 1964.

Kule mweusi akienda kujiandikisha kwa kura, alipewa mutihani wa kueleza katiba, na mwenye kusahihisha ni muzungu. Mama Fannie Lou Hamer, mufanyakazi wa shamba la pamba, alijaribu mu 1962. Siku ile ile mwenye shamba akamufukuza. Mwaka uliofuata akapigwa vibaya sana mu kasho ya Winona.

Chama cha Demokrate cha Mississippi kilituma wazungu tupu ku mukutano mukubwa wa Atlantic City. Weusi wakaunda chama chao, wakapeleka wajumbe 68 waketi pahali pa wale. Raisi Johnson akaogopa kupoteza kura za Kusini. Wakapewa viti viwili paka, na majina yaliisha kuandikwa: Aaron Henry na Edwin King. Na nani aliitwa kuwasukuma wakubali? Walter Reuther, mukubwa wa sendika ya wafanyakazi wa magari! Sendika, wandugu. Hapo ndipo inatuuma.

Walikataa. Mama Hamer alisema hawakusafiri mbali vile kwa ajili ya viti viwili.

Mu 1965 sheria ya kura ikapita, mutihani ukaondolewa. Mu 1968, ku mukutano wa Chicago, Hamer aliketi mu kiti cha mujumbe.