Uhakiki wa Barazani: Mijadala ya Watazamaji wa Sinema Mjini Unguja

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuutafuta uhakiki katika maandishi: tahakiki za vitabu, tasnifu na makala za majarida. Makala haya yanadai kuwa upo uhakiki mwingine, wa mdomo, ambao hatujauhesabu kwa sababu tu hauna mwandishi. Huo ni ule unaofanywa na watu waliotoka kuangalia picha. Mfano wetu ni wa mjini Unguja katika miaka ya 1950 na 1960, wakati wa kumbi za Majestic, Empire na Sultana (hii ya mwisho iliitwa Cine Afrique baada ya Mapinduzi ya 1964). Kwa upande wa historia tunategemea utafiti wa Laura Fair, aliyewahoji watazamaji wa zamani na kuchapisha kitabu chake, Reel Pleasures, mwaka 2018.

2.0 Awara mbele ya hadhira ya Waswahili

Filamu ya Awara, iliyoongozwa na Raj Kapoor, ilitoka mwaka 1951. Hakimu Raghunath anaamini kwamba mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na kwa imani hiyo anamfunga Jagga. Jagga analipiza kisasi kwa kumteka mke wa hakimu, kisha anamwachia. Mke anaporudi na kuonekana ni mjamzito, mumewe anamtuhumu na kumfukuza. Mtoto, Raj, anakulia katika ufukara na kufunzwa wizi na Jagga mwenyewe. Baadaye anashtakiwa kwa kutaka kumuua hakimu, na wakili wake ni Rita, mpenzi wake aliyelelewa na hakimu huyo huyo.

Lugha ya filamu ni Kihindustani, ambayo watazamaji wengi wa Unguja hawakuizungumza. Kwa hiyo kuangalia kulikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilifanyika njiani, nyumbani na barazani, ambako aliyeelewa alimweleza asiyeelewa, na aliyeona alimhadithia ambaye hakwenda. Hapa ndipo mjadala ulipozaliwa, kwani huwezi kumweleza mtu kwa nini hakimu alimfukuza mkewe bila kuonyesha kama unamtetea au unamlaumu.

Tuangalie nyenzo alizokuwa nazo mtazamaji huyo. Swali la filamu lilikuwa tayari limo katika methali zake, tena pande zote mbili. Mtoto wa nyoka ni nyoka: huo ndio msimamo wa hakimu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: huo ndio msimamo ambao Jagga, kwa ukatili, anauthibitisha kwa kumgeuza mwana wa hakimu kuwa mwizi. Hata suala la tuhuma lilikuwa na kipimo chake. Katika jamii ya Kiislamu, ambamo sheria hudai mashahidi wanne kabla ya mtu kuhukumiwa kwa zinaa, hakimu anayemfukuza mkewe kwa uvumi tu ana makosa mazito kuliko anavyoweza kuonekana mbele ya hadhira nyingine. Mtazamaji hakuhitaji nadharia kutoka nje ili aing'amue kinaya ya hakimu asiyejua kuhukumu nyumbani kwake.

Fair anaonyesha pia kuwa mapenzi ya Raj na Rita yaliwapa vijana wa wakati huo nafasi ya kujadili ndoa ya hiari na ile ya kuchaguliwa na wazee. Jambo hili lina uzito wake. Kijana asingeweza kumwambia baba yake moja kwa moja kwamba anataka kujichagulia mke, lakini kumsifu Rita mbele ya wakubwa hakukuwa utovu wa adabu.

3.0 Istilahi

Uhakiki huu una msamiati wake. Mfano bora, ingawa si wa Unguja peke yake, ni neno stelingi, lililoenea katika miji ya Tanzania. Tukilifasiri kuwa “mhusika mkuu” tutakuwa tumelipunguza. Stelingi ni mhusika ambaye hatarajiwi kufa kabla ya mwisho. Akifa, mtazamaji huhisi kuwa mapatano yamevunjwa. Kwa hiyo neno hilo linataja mhusika na pia kanuni ya utanzu. Sijaona neno katika kamusi zetu za fasihi linalofanya kazi hizo mbili kwa pamoja.

4.0 Suala la tanzu

Katika makala yake ya mwaka 1989 iliyotoka katika Mulika, M. M. Mulokozi anaiweka soga chini ya utanzu wa mazungumzo. Bila shaka mazungumzo ya sinema yangeingia humo. Hata hivyo, soga kwa kawaida haidai ushahidi, ilhali mzungumzaji wa sinema hudaiwa: “Lakini mbona alimwachia?” Kisa husimama, tukio hurudiwa, na tafsiri hubadilishwa. Mipaka ya masimulizi, mazungumzo na uhakiki inavukwa ndani ya dakika chache.

Tatizo la mtafiti ni kwamba mzee anayehojiwa leo hueleza kisa cha filamu kwa ufasaha, lakini mara nyingi huacha mabishano, akidhani hayo si ya kurekodiwa. Akihojiwa peke yake, hapana wa kumpinga. Inafaa wahojiwe wawili au watatu waliokuwa wakienda sinema pamoja, na kinasa sauti kiachwe wazi pale mmoja wao anapomkatiza mwenzake.