Printa ya mke wa Raymond

Februari 2004, Mmarekani mmoja aitwaye Eric Raymond alitaka kutumia printa ya mkewe. Printa ilikuwa nzima. Ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ya mke, na mke alikuwa akichapisha bila taabu. Kompyuta ya mume ilikuwa humo humo nyumbani, kwenye mtandao mmoja na ile, zote mbili zikitumia Fedora, toleo moja la Linux. Kilichobaki ni kuiambia kompyuta ya mume kwamba printa iko kule.

Kazi hiyo ilimtoa jasho mpaka akakaa chini kuandika waraka mrefu wenye hasira. Waraka huo nimeshindwa kuutoa kichwani tangu niusome, kwa sababu Raymond si mtu wa kubabaishwa na kompyuta. Ndiye aliyeandika “The Cathedral and the Bazaar” mwaka 1997, akawaaminisha wengi kwamba programu huria hustawi kwa kuwa macho mengi yanautazama msimbo wake. Mganga hajigangi, mtasema. Lakini tumfuate hatua kwa hatua, maana utamu wa kisa uko kwenye hatua zenyewe.

Anafungua menyu, anabofya mipangilio ya uchapishaji, anaambiwa aongeze foleni mpya. Mpaka hapo sawa. Dirisha linalofuata linamtaka achague aina ya foleni: ya CUPS, yaani IPP, ya Unix, yaani LPD, ya Windows, yaani SMB, ya Novell, yaani NCP, au JetDirect. Basi. Hakuna hata sentensi moja ya kumwambia yupi achague nini. Hapo Raymond anamleta Shangazi Tillie, mama wa kubuni asiyejua ufundi wowote, ambaye haja yake ni karatasi itoke tu. Herufi zote hizo Shangazi azifanyie nini? Raymond anakwenda mbali zaidi: swali hilo halikupaswa kuulizwa kabisa. Kompyuta ingeweza kuupekua mtandao yenyewe, ikaona printa zilizopo, ikaleta orodha.

Yeye ni fundi, kwa hiyo anachagua CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux. Sasa anaulizwa jina la seva na njia ya kuifikia foleni. Njia ipi? Anayeuliza ndiye anayejua jibu. Na miongozo haikukosekana, ilikuwa mingi, minene. Alichokuja kugundua baada ya kuhangaika sana ni kwamba kompyuta ya mkewe ilikuwa imepangwa, tangu programu inawekwa, isikilize maombi yake yenyewe tu. Ombi la kompyuta nyingine lilikuwa halipokelewi. Mstari mmoja kwenye faili la mipangilio ndio uliokuwa umefunga njia, na madirisha yote aliyoyapitia hayakumdokeza.

Kwa usalama, mpangilio huo una mantiki. Hata mimi nisingependa printa yangu imsikilize kila apitaye. Ila ni kama mwenyeji anayekuelekeza kwake kwa makini, pita mwembe, kata kulia, nyumba ya tatu, asikuambie kwamba geti hufungwa saa kumi na mbili. Hakukusudia kukuficha. Yeye ana ufunguo.

Raymond anakiri kwamba watu wa CUPS walijitahidi, na hilo ndilo linalomuuma zaidi. Anawataka waandishi wa programu wajihoji: kuna dirisha linalomwacha mtumiaji ukutani? Mwongozo umetaja mipangilio muhimu inayokuja na programu? Kisha anadai kwamba mtumiaji akilazimika kusoma mwongozo, basi usanifu umeshafeli. Hapo naona ametia chumvi. Kuna kazi ambazo bila maelezo hazifanyiki, na Shangazi Tillie si mjinga. Akiandikiwa vizuri atasoma.

John Gruber, mwandishi wa teknolojia, alimjibu muda mfupi baadaye kwamba urahisi wa matumizi haupuliziwi mwishoni kama rangi. Ni kazi ngumu ya mwanzo hadi mwisho, tena ya watu wenye kipaji chake. Sawa, lakini sentensi moja kuhusu mpangilio wa usikilizaji ingehitaji kipaji gani?

Na si CUPS peke yake. Mwaka 2017 GitHub, jukwaa ambako waandishi wa programu huweka kazi zao, iliwahoji watu wa programu huria. Asilimia 93 walisema maelezo pungufu au yaliyopitwa na wakati ni tatizo wanalokutana nalo. Asilimia 60 ya wachangiaji walisema wao wenyewe huyaandika mara chache au hawayaandiki kabisa. Siwalaumu sana. Siku unapofanikiwa kuvuka kikwazo ndiyo siku unayokumbuka kila ulipojikwaa, na ndiyo siku hiyo hiyo unayotaka kuchapisha barua yako ukalale. Wiki ikipita, ule mstari unauona wa kawaida, kana kwamba ulizaliwa ukiujua.

CUPS yenyewe ilipata bahati. Apple ilikuwa imeshaanza kuitumia mwaka 2002, na mwaka 2007 ikaununua msimbo wake na kumwajiri Michael Sweet, aliyeianzisha. Leo kompyuta nyingi huziona printa za jirani zenyewe, bila kumuuliza mtu herufi tatu tatu. Sijui tuushukuru waraka wa Raymond au mshahara wa Apple. Na ile miradi ya mtu mmoja anayeandika msimbo usiku akitoka kazini, ambayo maelfu wanaitegemea bila kumjua, nani atailipia sentensi inayokosekana?