Hewa ya Banda Ipimwe Kwenye Kimo cha Kuku

Mfugaji anayepanga kujenga banda huhesabu chakula, maji, chanjo na nafasi, lakini hewa, ambayo kuku huihitaji usiku na mchana, mara nyingi huachwa bila kupangiwa lolote, na athari zake hujitokeza baadaye katika macho yanayotoa machozi, mafua yasiyopona na utagaji unaoshuka.

Kuku huumizwa upesi na hewa chafu kwa sababu ya namna anavyopumua. Hana kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo la binadamu, na mapafu yake hayatanuki wala kusinyaa. Hewa husukumwa na vifuko vya hewa, kwa kawaida tisa, vyenye kuta nyembamba sana, ambavyo vimeenea kifuani na tumboni hata kuingia katika baadhi ya mifupa. Kwa mpangilio huo hewa hupita mapafuni ikielekea upande mmoja tu, jambo linalompatia ndege oksijeni nyingi, lakini vumbi na vijidudu vikishapenya hufika mbali mwilini, katika vifuko ambavyo vina mishipa michache ya damu na kwa hiyo kinga hafifu.

Adui mkubwa ni amonia, gesi isiyo na rangi, yenye harufu kali inayochoma pua na macho. Kuku hakojoi kama mbuzi au ng'ombe. Mabaki ya protini huyatoa kwa umbo la asidi ya yuriki, ambayo ndiyo ile sehemu nyeupe ya kinyesi, na bakteria waliomo katika matandazo, yaani maranda ya mbao au pumba za mpunga zinazotandazwa sakafuni, huivunja asidi hiyo na kuzalisha amonia. Bakteria hao hustawi penye unyevu na joto, na ndiyo maana chanzo cha harufu mara nyingi ni chombo cha maji kinachovuja, paa linalopitisha mvua au msongamano usioruhusu matandazo kukauka. Kununua dawa ya kuondoa harufu huku chombo kikiendelea kuvuja ni kupoteza fedha.

Ndani ya koo la hewa kuna vinyweleo vidogo mno ambavyo huusukuma nje ute ulionasa vumbi na vijidudu. Amonia huvidhoofisha vinyweleo hivyo, na hapo bakteria wa kawaida wa kinyesi hupata njia ya kushambulia vifuko vya hewa, nayo magonjwa kama kideri huwa mazito zaidi. Pia si kweli kwamba kuku huzoea hali hiyo bila kujali, kwa maana katika majaribio ambayo kuku wa mayai waliachwa wachague vyumba vyenye viwango tofauti vya gesi, walionekana wakitafuta chakula, wakipumzika na kujisafisha manyoya zaidi penye hewa safi.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 kuhusu kuku wa nyama inawataka wafugaji wanaozidisha kilo 33 za kuku katika mita moja ya mraba wahakikishe kwamba amonia haivuki sehemu 20 katika kila sehemu milioni moja za hewa, na inaeleza wazi kwamba kipimo kichukuliwe kwenye usawa wa vichwa vya kuku. Sharti hilo lina busara kubwa, kwa kuwa gesi huanzia sakafuni, anapolala na kuparua kuku, ilhali pua ya mfugaji aliyesimama iko mbali juu, tena huizoea harufu baada ya muda mfupi.

Katika Afrika Mashariki, mabanda mengi yana ukuta mfupi wenye wavu juu yake, kwa hiyo mchana upepo husaidia. Hatari huja usiku, hasa wakati wa kulea vifaranga, ambapo turubai hushushwa hadi chini na jiko la mkaa huwashwa ili kuleta joto. Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayozuia damu kubeba oksijeni, na banda lililofungwa pande zote linaweza kuua vifaranga wengi kabla ya alfajiri, huku likimhatarisha hata anayeingia kuwatazama. Kifaranga anahitaji joto, hilo halina ubishi, lakini joto halihitaji banda kuzibwa: turubai lifungwe kutoka chini kwenda juu na nafasi iachwe karibu na paa, ambako hewa ya moto yenye unyevu hutokea yenyewe.

Kila mfugaji anaweza kuchuchumaa bandani asubuhi, kabla ya kufungua turubai, akavuta pumzi kwenye kimo cha kuku wake. Macho yakiwasha, matandazo yaliyolowa yaondolewe siku hiyohiyo, chombo kinachovuja kitengenezwe, na nafasi ya juu iongezwe usiku unaofuata.