Vijana wa mwambao wa Tanganyika na majeraha yasiyoonekana

Kutoka Rumonge hadi Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania, vita na ukimbizi vimeacha majeraha yasiyoonekana kwa macho. Mara nyingi kijana ndiye wa kwanza kutambua kwamba mwenzake ameelemewa.

Machafuko ya mwaka 1972 yaliwafukuza maelfu ya Warundi kutoka mwambao huu. Wengi walipokelewa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, nchini Tanzania. Zaidi ya 50,000 walirejea katika miaka ya 2008 na 2009. Baadhi yao walikuta ardhi ya wazazi ikilimwa na wengine, na watoto waliosoma kwa Kiswahili walilazimika kuanza upya kwa Kirundi na Kifaransa. Mwaka 2015, watu walikimbia tena kuelekea Kagunga, ng'ambo ya mpaka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo yaliyoathiriwa na vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili.

Kijana anaweza kufanya nini?

Kazi yake si kutibu. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ina hatua tatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Kijana humtazama mwenzake aliyejitenga au asiyelala; humsikiliza bila kumlazimisha kusimulia yaliyompata; kisha humuunganisha na mzazi anayeaminika au mhudumu wa afya. Tatizo likizidi, kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, mjini Bujumbura. Anayetamka kwamba anataka kufa asiachwe peke yake, na siri hiyo isifichwe.

Kujenga upya imani

Tangu mwaka 2003, mpango wa uponyaji ulioanzishwa na Wakweka nchini Burundi na Rwanda umewakutanisha kwa siku tatu watu wa pande zilizohasimiana. Washiriki huchora mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana, wakitaja mizizi na matunda ya kila mmoja.

Katika mazungumzo ya namna hiyo, kijana anayejua Kirundi na Kiswahili ana nafasi ya pekee: anaweza kuwaelewa waliobaki na waliorejea. Hata hivyo, asiachiwe mzigo huo peke yake. Msikilizaji naye anahitaji mtu wa kumsikiliza.