Jifya Moja Haliinjiki Chungu: Utegemezi wa Vifurushi katika Mifumo ya Vifaa Vidogo

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa jifya moja haliinjiki chungu. Ukweli wa methali hii hudhihirika pia katika taaluma ya kompyuta, hasa katika ujenzi wa mifumo ya vifaa vidogo. Makala haya yanafafanua jinsi zana iitwayo Buildroot inavyosimamia utegemezi baina ya vifurushi vya programu. Zana hii ya programu huria ilianza mwaka 2001 mikononi mwa waundaji wa maktaba ya uClibc. Kazi yake ni kujenga kiini cha Linux, maktaba na programu, kisha kuviunganisha kuwa mfumo mmoja wa kupakiwa katika kifaa.

Mfano wa ufukoni

Mnamo Mei 2020, usawa wa Ziwa Victoria ulifikia mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, na wakazi wengi wa fuko za Kisumu wakahamishwa na maji. Chukuliwe kuwa mwanafunzi aishiye Mamboleo ananuia kuunda kifaa cha kupima maji hayo na kutuma tahadhari kwa njia ya intaneti. Kifaa chake kina hifadhi finyu, hivyo hakipaswi kubeba kifurushi kisichohitajika. Hata hivyo, programu ya kutuma tahadhari haijitoshelezi. Inahitaji maktaba ya libcurl, nayo libcurl huweza kujengwa bila maktaba ya usimbaji fiche. Ikijengwa hivyo, kifaa kitawaka na kupima vyema, lakini hakitaweza kuwasiliana na seva inayodai njia salama. Maji yatapanda na tahadhari isifike.

Kutegemea na kuteua

Katika faili la Config.in, utegemezi huelezwa kwa maneno mawili. La kwanza ni "depends on", ambalo hukificha kifurushi hadi sharti lake litimizwe. Hili hufaa kwa mambo ambayo mtumiaji sharti ayaamue mwenyewe, kama vile aina ya kichakataji au uwezo wa kikusanyaji kushughulikia lugha ya C++. La pili ni "select", ambalo hukiwasha kifurushi kingine papo hapo. Hili hufaa kwa maktaba za kawaida; hivyo mwanafunzi wetu atateua libcurl pamoja na maktaba ya OpenSSL.

Hata hivyo, "select" ina hatari yake: huwasha kifurushi bila kujali masharti ya kifurushi hicho. Kwa sababu hiyo, masharti ya maktaba inayoteuliwa hayana budi kurudiwa katika kifurushi kinachoiteua. Aidha, ni desturi njema kuandika maelezo yanayomfahamisha mtumiaji kwa nini kifurushi fulani hakionekani katika orodha.

Mpangilio wa ujenzi

Kuteua si kupanga. Config.in huamua kitakachojengwa, ilhali faili lenye kiambishi tamati .mk ndilo huamua kitakachotangulia, kupitia orodha ya DEPENDENCIES. Orodha hii ikisahauliwa, ujenzi unaweza kufaulu leo kwa kuwa maktaba ilikwisha kujengwa awali, kisha ushindwe kesho katika kompyuta ya mwenzake. Amri ya "make graph-depends" huchora mtandao mzima wa utegemezi, na hivyo kurahisisha ukaguzi.

Hali kadhalika, kukiondoa kifurushi katika orodha hakufuti mafaili yake yaliyokwisha kusakinishwa. Dawa yake ni "make clean all", yaani kuanza upya. Kazi hii huchukua muda, lakini matokeo yake huaminika.

Hitimisho

Imebainika kuwa usimamizi wa utegemezi una nguzo mbili: uteuzi sahihi na mpangilio sahihi. Mwanafunzi wa Mamboleo atakayezizingatia atapeleka ufukoni kifaa kidogo chenye kila kinachohitajika. Atakayezipuuza huenda akagundua kosa lake siku ambayo ziwa limekwisha kubisha hodi mlangoni.